Bahasha za Mbegu

Hotuba ya kikundi cha bustani katika sherehe ya Uhuru, Johannesburg, 9 Desemba

 

Kamati imetupa dakika ishirini kati ya wimbo wa taifa na chakula. Tunajua mtu mwenye njaa hana subira na habari za mboga asizoziona kwenye sahani, kwa hiyo tutakwenda moja kwa moja. Sisi ni wale wa kikundi cha bustani, wale mnaowaona Jumamosi wamebeba majembe kwenye buti la gari. Wengi wetu ni wauguzi. Kazi ya wodini inamfanya mtu atamani kushika kitu kinachokua bila kupiga kengele.

Tuanze na watoto. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mikoa mingi ya kwetu ilikuwa na mbegu ardhini au ilikuwa ikingoja mvua kwa hamu. Hapa Johannesburg nako Desemba ndiyo katikati ya mvua. Mvua zinaanza Oktoba, zinakata Aprili, kisha inakuja baridi kavu na sakitu, ule umande unaoganda usiku na kuacha majani meusi asubuhi. Kwa hiyo sikukuu yetu inaangukia wakati ambao bustani imejaa. Uganda wanasherehekea uhuru wao tarehe 9 Oktoba, wakati sisi ndiyo kwanza tunatia mbegu, na hilo tunawatania kila mwaka.

Sasa, mtoto wa hapa ukimwambia alete mboga ya majani dukani, analeta kitu kinachoitwa spinachi: majani mapana, mshipa mweupe katikati. Ile si spinachi hasa, ni ndugu wa bitiruti. Si mbaya, tunaila. Lakini mtoto aliyekulia kwenye hiyo tu, siku akienda Dodoma kwa bibi yake akawekewa mlenda mbele yake, anautazama kama dawa ya kikohozi. Bibi anaumia na mtoto anaona aibu, halafu sisi tulio katikati tunaanza kutafsiri.

Wale tuliosomea uuguzi Uingereza tulijifunza jambo hili huko, si nyumbani. Nyumbani mchicha ulikuwa unaota wenyewe nyuma ya choo, nani angeutunzia mbegu? Birmingham tuliwakuta wazee wa Kijamaika kwenye viwanja vya bustani vinavyokodishwa na halmashauri. Waingereza wana sheria ya viwanja hivyo tangu mwaka 1908, na kiwanja kamili cha kawaida ni kama mita za mraba 250, kodi yake ndogo. Mzee wa Kijamaika alikuwa na matuta ya kitu alichokiita callaloo. Tulisimama tukakodoa macho, kwa maana kilikuwa mchicha. Kiwanja cha pili kilikuwa cha mama wa Kihindi, amepandisha fiwi kwenye fito. Hakuna aliyeipata mbegu dukani. Zilikuwa zinatoka mkono hadi mkono, kwenye bahasha za barua zilizotumika.

Karibu na Coventry kuna shirika linaloitwa Garden Organic, lenye maktaba ya mbegu ambazo haziuzwi madukani. Mwanachama anachagua paketi chache kila mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 shirika hilo lilifanya mradi wa kuwaendea hasa wakulima wa namna hiyo, wahamiaji wa miji ya Midlands, kukusanya mbegu zao na maarifa yao. Waliona kwamba wazee wale wakiondoka, mbegu zilizokwisha kuzoea ubaridi wa Uingereza kwa miaka thelathini au arobaini zitaondoka nao. Jambo hilo lilitukaa kichwani tulipohamia huku.

Hapa hatuna sheria ya 1908. Ardhi tunaiomba: nyuma ya kanisa, pembeni ya shule, uani kwa mwenye nyumba anayekubali kulipwa kwa sukuma wiki. Wapo waliofanya makubwa kuliko sisi, kama bustani ya Siyakhana ndani ya Bezuidenhout Park, iliyoanzishwa mwaka 2005. Mkipata nafasi wapelekeni watoto wakaone. Sisi tunalima padogo, lakini mbegu haiulizi ukubwa wa shamba.

Wengi mnatuuliza mbegu zenyewe tulizipata wapi. Mnadhani tulizificha kwenye mfuko wa unga wa muhogo tukapita nazo uwanja wa ndege. Hapana, na tunawaomba msifanye hivyo. Sheria ya nchi hii ya wadudu na magonjwa ya mimea inataka kibali cha kuingiza mbegu, na kwa kawaida cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka. Msione ni usumbufu wa maofisa tu. Ule ugonjwa unaokausha mahindi shambani ulionekana Bomet, Kenya, mwaka 2011, na mwaka uliofuata ukawa Tanzania; kimojawapo cha virusi vyake kinaweza kusafiri ndani ya mbegu. Yule mdudu wa nyanya ambaye wakulima wetu walimpa jina la Kantangaze hakuzaliwa Afrika. Sisi wauguzi tunajua karantini ni nini. Mbegu nayo ina karantini yake.

Na kubwa zaidi, hakukuwa na haja. Mbegu zilikuwa hapahapa.

Nyingine tulizikuta soko la Yeoville, kwa mama wa Kikongo anayeuza sombe na lengalenga. Ukisikiliza vizuri unagundua kwamba sombe ni kisamvu na lengalenga ni mchicha, na matembele ni matembele tu. Nyingine zilikuwa ng'ambo ya uzio wetu. Mama mmoja mzee, mzaliwa wa Limpopo, alisimama akatazama tuta letu la mgagani akauliza kwa ukali kidogo nani katupa lerotho yake. Tukamwambia hii ni mgagani, mboga ya kwetu. Akasema hii ni lerotho, mboga ya kwao. Tulibishana mpaka akafungua geti akaingia, akachuma jani akalitafuna. Kuanzia siku ile tukawa wanafunzi wake. Mchicha kwao ni thepe, Wazulu wanauita imbuya. Mlenda Wavenda wanauita delele. Majani ya kunde anayaita monawa. Mnavu, ambao Wavenda wanauita muxe, matunda yake meusi yaliyoiva wengine hapa wanapikia jamu, jambo ambalo sisi hatukuwahi kuliwaza. Na zile jugo wanazouza barabarani zimechemshwa na chumvi, ni njugu mawe zetu zilezile.

Tunamwita gogo, yaani bibi. Watoto wetu wanaojua Kiswahili wanacheka kila mara, kwa sababu kwetu gogo ni mti uliokatwa ukalala. Yeye tumeshamweleza, na anasema basi vizuri, gogo halisukumwi na upepo.

Tunalisema hili kwa uangalifu, kwa kuwa wazee hapa mnakumbuka Mei 2008, vurugu zilipoanzia Alexandra. Wapo kati yetu waliolala vituo vya polisi na watoto wachanga. Na maneno ya foleni ya kliniki mnayajua, hatuna haja ya kuyarudia siku ya sherehe. Hatudai kwamba bahasha ya mbegu inazuia fimbo. Tunachoweza kusema ni kilichotokea. Septemba 2019, maduka yalipokuwa yanachomwa tena mjini, gogo huyo alimpigia simu mwenzetu saa kumi na moja alfajiri, akamwambia asipite njia yake ya kila siku kwenda zamu, na akamtajia njia nyingine. Namba ya simu alikuwa nayo kwa ajili ya miche ya mnavu.

Tuje kwenye ngogwe, kwa sababu hiyo ndiyo hasa iliyotufanya tuanzishe meza ya kubadilishana.

Kwa miaka mingi ngogwe nyeupe, ile ndogo inayochungulia uchungu kidogo tu, ilikuwa kwa kaya moja. Walikuwa wakarimu wa matunda, kila mtu alipelekewa mfuko. Mbegu hakuna aliyeomba, maana nani anaomba mbegu wakati anapewa ngogwe zenyewe? Ila familia moja ya Kikongo, inayokaa ghorofani Yeoville, iliomba. Tarehe 28 Novemba 2013 ikaja mvua ya mawe ambayo watu wa Gauteng bado wanaizungumzia. Magari yalibonyea kama makopo. Bustani ilibaki vijiti. Ngogwe zilikuwa bado hazijaiva na mbegu ya akiba ilikuwa yote imeshapandwa. Wiki iliyofuata Wakongo wale walileta mbegu thelathini kwenye karatasi ya risiti. Zao zilikuwa kwenye ndoo chini ya paa la kibaraza. Ngogwe zote mnazozila kwenye mikusanyiko ya jumuiya hii tangu wakati huo zimetoka kwenye risiti ile.

Benki kubwa za mbegu nazo zinafanya hivyohivyo, kwa fedha nyingi zaidi. Taasisi ya kilimo ya IITA iliyopo Ibadan, Nigeria, ina hazina kubwa ya kunde, na nakala zake zimepelekwa kwenye ghala la Svalbard, huko Norway, lililofunguliwa Februari 2008 ndani ya mlima wenye baridi. Sisi mlima hatuna. Tuna ghorofa ya Yeoville.

Sasa namna ya kutunza, kwa wale watakaochukua bahasha leo. Sikilizeni sehemu hii hata kama mnasikia harufu ya pilau.

Mgagani una ukaidi. Ukivuna mbegu leo ukazipanda wiki ijayo, nyingi hazitaota, na utasema tumekupa mbegu mbovu. Hazijafa, zimelala. Zinataka kukaa kavu miezi kadhaa, na sisi tunazipa mitano au sita. Tena hazipendi mwanga zinapoota, kwa hiyo zifunike kwa udongo laini, unene wa nusu sentimita unatosha. Maganda yachume yanapoanza kuwa ya njano. Ukingoja yakauke kabisa mtini yatapasuka na utavuna upepo.

Mnavu ni mtiifu zaidi. Chukua matunda yaliyoiva kabisa, yaponde kwenye bakuli, tia maji, acha usiku mmoja. Asubuhi mbegu nzuri zimezama na maganda yanaelea. Mwaga, suuza kwa chujio la chai, anika kivulini juu ya sahani. Usianike juu ya karatasi ya tishu, zitang'ang'ania mpaka utaipanda na tishu yake. Ngogwe ni hivyohivyo, ila ingoja tunda liwe jekundu, wakati ambao haliliki tena kwa utamu.

Mlenda una ganda gumu la mbegu. Bibi zetu walijua: mbegu kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya maji yaliyotoka jikoni muda huohuo, hesabu mpaka kumi, toa. Kunde adui yake ni wale wadudu wanaotoboa. Majivu ya bibi yanafaa, lakini ukiwa na friza, kausha kunde vizuri, zifungie kwenye chupa, ziache humo wiki moja, na chupa usiifungue mpaka ipoe hadi joto la chumba.

Mchicha unachavushwa zaidi na upepo, na unapenda kuchanganyika. Usichukue mbegu kwenye mche mmoja ulionona. Chukua kwenye miche ishirini au zaidi, kidogokidogo, la sivyo miaka mitatu baadaye unashangaa nguvu zimekwenda wapi. Matembele hayana habari ya mbegu. Kata vikonyo Aprili, viweke kwenye chupa ya maji dirishani, vipite baridi ndani kama wageni.

Boga ndilo tunaloliogopa. Nyuki hana mipaka: anatoka kwenye ua la boga lako anaingia la jirani, ambaye huenda amepanda vibuyu vya mapambo. Tunda la mwaka huu litakuwa sawa, lakini mbegu zake mwakani zinaweza kuzaa tunda chungu kama shubiri. Hilo tunda lina sumu, na kulipika hakuiondoi. Limeze hata jirani akikusifia, utaishia kwetu wodini. Ukitaka mbegu safi, funga kwa uzi ua la kike na la kiume jioni kabla hayajafunguka, asubuhi yafungue, yakutanishe kwa mkono, kisha lifunge tena la kike. Kazi ya dakika tano.

Ukavu ndio kila kitu. Wataalamu wana kanuni ya zamani kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, umri wake ghalani unakaribia kuongezeka mara mbili. Dar es Salaam ni vigumu kukausha kitu mwezi mzima. Hapa Juni na Julai hewa ni kavu hadi midomo inapasuka. Baridi hii tunayoilalamikia inatufanyia kazi bure.

Kama wauguzi hatuwezi kushuka jukwaani bila kusema machache ya afya. Mboga hizi zina madini ya chuma na vitamini za kutosha kumfaa mjamzito na mtoto, na karanga au tui la nazi mnalotia si anasa, kwa kuwa vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Kamulieni ndimu. Chai ingojee saa moja baada ya kula, maana inazuia chuma. Magadi punguzeni, hasa wenye shinikizo la damu. Na kama unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiache mboga na wala usiongeze ghafla. Kula kiasi kilekile kila wiki na uwaambie wanaokupima damu. Majani haya yana vitamini K nyingi, na tumeona vipimo vikiyumba kwa sababu mtu alipewa mfuko wa mchicha siku ya Jumapili. Wenye figo dhaifu waulize kwanza.

Watoto, matunda mabichi ya mnavu hayaliwi. Na ule mmea wenye maua meupe kama tarumbeta na tunda lenye miiba, unaoitwa hapa malpitte, hauguswi kabisa. Unaota bila kualikwa, tena katikati ya mchicha. Kila Jumamosi tunaung'oa.

Kuna suala la udongo, na hapa ndipo tunapokuwa wakali kwa wanachama wapya. Mji huu ulianza na dhahabu mwaka 1886, na vile vilima vya njano mnavyoviona upande wa kusini ni mchanga uliosagwa na migodi. Una risasi, aseniki, hata urani, na upepo wa Agosti unaupeperusha mbali. Mboga za majani zinabeba vumbi, na nyingine zinanyonya vitu hivyo kutoka ardhini kuliko mboga za matunda. Hatulimi karibu na vilima hivyo wala hatumwagilii kwa maji ya vijito vinavyotoka huko. Kwenye uwanja tusioujua historia yake tunajenga matuta ya juu na kuleta udongo mwingine. Majani yanaoshwa mara tatu. Kama una uwanja wa bure chini ya kilima cha mgodi, tunakuonea huruma lakini mbegu hatukupi. Tutakupa nafasi kwetu.

Wengine mtasema mbona mnahangaika na mboga za kienyeji, za watu wa shida. Basi jueni kwamba pale Tengeru, Arusha, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1992, na mnavu, mchicha na nyanya chungu ni miongoni mwa mazao yake. Roodeplaat, kaskazini mwa Pretoria, watafiti wa hapa wanachunguza zilezile. Watu wenye shahada tatu wanahesabu mbegu za mgagani kwenye sahani za maabara. Bibi yako alizihesabu kwenye kiganja.

Meza ipo kushoto kwa mlango, pembeni ya juisi. Bahasha zimeandikwa jina la mboga kwa Kiswahili, na kwa Sepedi au Kivenda pale ambapo gogo ametusaidia, pamoja na mwezi zilipovunwa. Mgagani uliopo ni wa Machi, kwa hiyo umeshaamka. Pandeni wiki hii. Mchicha na mlenda bado mna muda, sakitu haiji kabla ya Mei. Ngogwe tumeleta kama miche, kumi na mbili tu, na kila kaya mche mmoja. Hatutoi bahasha kwa fedha. Ukichukua moja, Aprili unarudisha mbili: moja kwetu, na nyingine unampa mtu asiye Mtanzania, kisha unatuambia ni nani.

Watoto wanaotaka kubandua maganda ya kunde wakutane na shangazi mwenye kitenge cha bluu. Pilau imeiva, karibuni chakula.